Nilivyouza Utoto wa Mume Wangu kwa Shilingi 7,000

Mwezi huu sikuja na stori ya msomaji wala ya jirani. Nimekuja na yangu mwenyewe, na nakuomba kabla hujanihukumu usome mpaka mwisho. Maana wapo wanaodhani sisi tunaoandika kurasa hizi za mapenzi tunaishi kwenye nyumba zisizo na kelele. Thubutu! Mimi, mhariri mzima na digrii yangu ya mawasiliano, niliuza utoto wa mume wangu kwa shilingi 7,000, nikaziweka kwenye pochi, jioni nikanunulia mchicha na dagaa.

Ilikuwa hivi. Miezi minne iliyopita tulihama kutoka Tabata kwenda Kinyerezi. Aliyewahi kuhama anajua, siku ya kuhama ndiyo unagundua kwamba nyumba yako ina vitu vingi ambavyo hukumbuki kuvinunua. Juu ya kabati la chumbani kulikuwa na boksi moja limefungwa kwa kamba ya katani. Boksi hilo tumehama nalo mara tatu tangu tuoane. Halijawahi kufunguliwa. Linabebwa, linapandishwa juu ya kabati jipya, linakaa linakula vumbi.

Asubuhi ile Baba Nuru alikuwa ametangulia na gari la mizigo. Nikalifungua. Ndani nikakuta nyaya zilizojisokota kama nyoka, kaseti za plastiki za rangi ya njano, bunduki ya kitoto, CD zilizochubuka na mashine mbili zilizopauka. Makorokoro! Nikasema moyoni, huyu mwanaume anataka kunigeuza stoo. Wakati huohuo yule kijana wa chuma chakavu akawa anapita na mkokoteni wake, anagonga chuma, ngo ngo ngo. Niliona kama Mungu kamtuma. Akapima kwa macho, akanipa 7,000. Nikaona nimepata faida.

"Sawa" ya mwanaume

Usiku tuko Kinyerezi, tumechoka, godoro liko chini, kitanda bado hakijafungwa. Baba Nuru akawa anazungukazunguka.

"Mama Nuru, lile boksi langu umeliweka wapi?"

"Lipi?"

"Lile lenye kamba."

"Lile la takataka? Nimemuuzia mtu wa chuma chakavu."

Akasimama kimya. Halafu akauliza taratibu, "Na pedi zote?"

"Pedi za nani tena, Baba Nuru?"

Jamani, mimi nilijua anazungumzia mambo yetu ya kike. Kumbe kwa watu wa gemu, pedi ni kile kidude cha kushika mkononi chenye vitufe. Siku nyingine tungecheka mpaka majirani wapya waje kuuliza. Siku ile hakucheka. Akakaa kwenye godoro, akasema, "Sawa."

Shoga yangu, kama umeolewa unaijua hiyo "sawa". Si ya kukubali. Ni ya kufunga mlango na kuondoka na ufunguo. Chai, sawa. Chakula, sawa. Mtoto anaumwa kikohozi, sawa, nitanunua dawa. Siku ya nne uzalendo ukanishinda. Nikamwambia, "Hivi mtu mzima na miaka yako 39, unaninunia kwa ajili ya gemu za watoto?"

Akanitazama. "Sijanuna kwa ajili ya gemu. Mle ndani kulikuwa na kadi. Kwenye kadi kulikuwa na timu yetu."

"Yenu wewe na nani?"

"Mimi na kaka."

Hapo ndipo mwili ulipokufa ganzi. Maana mume wangu na kaka yake hawakuwa wakizungumza tangu mwaka 2020, tulipomaliza arobaini ya baba yao. Ugomvi wenyewe ni kiwanja kimoja cha Morogoro. Mkubwa alitaka kiuzwe wagawane, mdogo alitaka kibaki. Maneno yakatoka ambayo hayarudishwi. Tangu hapo, sikukuu mmoja anakwenda kwa mama asubuhi, mwingine anasubiri mpaka ahakikishe mwenzake ameshaondoka. Kumbe ndugu pekee ambaye mume wangu alikuwa amebaki naye alikuwa ndani ya lile boksi, juu ya kabati, na mimi nikampa mtu wa mkokoteni.

Kompyuta ya kwanza ya nyumbani

Nilianza kumdadisi polepole, na usiku akilala nikawa nasoma, ili nielewe nimeuza nini hasa.

Mashine ya kwanza waliletewa na baba yao mwaka 1996, aliporudi safari ya Dar. Ilikuwa nakala ya Family Computer, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani Julai 1983 kwa yeni 14,800. Nakala hizo zilitengenezwa Asia kwa mamilioni, bila jina la mwenyewe, na ndizo zilizofika mitaani kwetu. Wengi hatukuwahi kuona ya Nintendo halisi, na wala hatukujua kama tuliyonayo ni feki. Kwetu ilikuwa "TV gemu", basi.

Hebu angalia jina lake la asili: kompyuta ya familia. Na kweli ilikuwa kompyuta. Ubongo wake ulikwenda kwa kasi ya megahezi 1.79 na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu. Gemu nzima ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, na dunia zake zote 8, ina kilobaiti 40. Picha moja unayopiga leo kwa simu yako inaimeza mara nyingi sana. Ili itoshe, watengenezaji walibana kila kitu. Umewahi kugundua kwamba yale mawingu ya juu na vile vichaka vya chini ni umbo lile lile, limebadilishwa rangi tu? Mimi sikuwahi. Nilipomwonyesha Baba Nuru, ndiyo siku ya kwanza alitabasamu.

Na ukumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Televisheni nayo Tanzania Bara tulisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mtoto wa Morogoro aliyeshika pedi mwaka 1996 alikuwa anashika kompyuta ambayo wazazi wake hawakuwahi kuigusa. Kwa nyumba nyingi, ile "TV gemu" ndiyo kompyuta ya kwanza iliyopita mlangoni, na aliyeijua alikuwa mtoto.

Mimi mwenzenu sikuwa na bahati hiyo. Kwetu gemu zilikuwa za wavulana. Vibanda vya PlayStation nilipita nje tu, nikisikia kelele. Msichana aingie humo? Angeonekana muhuni. Gemu yangu ilikuwa nyoka kwenye Nokia 3310 ya mama, simu iliyotoka mwaka 2000, na niliichezea chini ya shuka mpaka chaji ikaisha na mama akanichapa. Kompyuta niliigusa sekondari, wasichana kumi kwenye mashine moja, kila mmoja na diski yake ya megabaiti 1.44 ameifunga kwenye karatasi ya daftari kama andazi. Sasa naelewa kwa nini niliona boksi lile ni takataka. Halikuwa na kumbukumbu yangu hata moja.

Mashine ya pili ilikuwa PlayStation 2, ile iliyotoka Japani Machi 2000. Sony wenyewe wanasema waliuza zaidi ya milioni 160, hakuna mashine ya gemu iliyowahi kuifikia. Shemeji yangu aliinunua mwaka 2004, kwa mshahara wake wa kwanza. Wengine wananunua godoro, yeye alinunua PlayStation aje acheze na mdogo wake. Gemu yao ilikuwa Winning Eleven ya Konami. Wanaume mnaosoma hapa mnajua. Kuna sehemu inaitwa Master League, unaanza na timu ya wachezaji wa kubuni ambao hawajui kitu, kina Castolo, Minanda na Ximelez, unawapandisha taratibu, unanunua na kuuza, mpaka unakuwa bingwa. Wao wawili waliendesha timu moja kwa miaka miwili. Mkubwa ndiye kocha, mdogo ndiye mtunza hela. Waliipa jina la mtaa wao. Kila walipomaliza mechi, walihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu: kidude cheusi cha megabaiti 8. Kadi ile haina betri. Unaweza kuiacha miaka ishirini ndani ya boksi, ukiichomeka timu iko pale pale ulipoiacha.

Mpaka mkeo aiuze.

Yadi ya chuma chakavu

Nilimtafuta yule kijana kwa siku mbili. Mama muuza genge wa Tabata ndiye aliyenielekeza yadi anakopeleka mizigo. Nikaenda na viatu vyangu vya ofisini, nikazama kwenye matope mpaka kwenye kisigino. Mwenye yadi alinishangaa. Ile PlayStation nilikuta gamba lake tu. Wameshaifungua, kilichokuwa ndani kimekwenda na shehena ya vifaa vya umeme. Kadi? Wakaniuliza kadi ya benki au ya kliniki?

Lakini ile ya zamani, TV gemu, ilikuwepo. Plastiki tupu, haina uzito, hawakuona faida ya kuibomoa. Mtoto wa mwenye yadi alikuwa anakimbia nayo ile bunduki akiwapiga kuku risasi. Nikauliza bei. Mwenye yadi akautazama mkoba wangu, akatazama viatu vyangu, akasema 20,000. Tukapatana 15,000, pamoja na pedi zote mbili, bunduki na kaseti tatu zilizopona. Mtoto nikamnunulia mpira ili asilie. Piga hesabu mwenyewe faida yangu ya 7,000 iliishia wapi.

Usiku nikaiweka mezani. Sikuandaa hotuba. Nilisema, "Nilikosea. Sikuuliza. Kadi sijaipata, nimeitafuta mpaka kwenye magunia. Nisamehe." Baba Nuru akaishika mashine, akaigeuza, akapapasa mahali chini palipochorwa herufi mbili kwa msumari, la kwake na la kaka yake. Akasema, "Sawa." Ila hii ilikuwa sawa nyingine.

Jumapili tukajaribu kuichomeka kwenye TV yetu bapa. Haikuwaka. Mume wangu akachomoa kaseti, akapuliza, fuu, akarudisha. Ikawaka! Kwa taarifa yako, nimesoma kwamba si pumzi iliyosaidia. Kuchomoa na kuchomeka upya ndiko kunakofanya vile vyuma vishikane, na unyevu wa mdomo kwa kweli unaleta kutu. Nilimwambia. Akapuliza na ya pili.

Nuru, mwanetu wa miaka saba, akachukua bunduki ya kuwinda bata. Akapiga, akapiga. Bata wakaruka zao. "Mama, bunduki mbovu." Si mbovu. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha pale alipo bata panawaka mraba mweupe. Bunduki haitoi kitu chochote, ndani yake kuna jicho linalosubiri mwanga huo. Likiuona, bata kafa. Sasa TV za chogo zilichora picha papo kwa papo, na jicho lile lilizoea mwanga wake. TV hizi bapa zinachelewa kidogo kuandaa picha, jicho linatazama na kukuta giza.

"Inataka TV ya chogo," Baba Nuru akasema. "Iliyobaki ni ile ya kwa mama." Halafu akanyamaza, maana kwa mama ndiko aliko kaka. Alirudi Morogoro kumtunza mama.

Simu niliyoogopa kupiga

Mpenzi msomaji, kuingilia ugomvi wa ndugu wa mumeo ni kutia mkono kwenye mzinga. Watu walishanionya: wagombanao ndugu, shika jembe ukalime. Lakini hapa mkosaji nilikuwa mimi, na nilikuwa na sababu ya kupiga ambayo haikuhusu kiwanja. Jumatatu mchana nikatoka nje ya ofisi, nikapiga.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Kuna nini, mtoto mzima?"

Nikamweleza yote. Mkokoteni, 7,000, yadi, gamba la PlayStation, kadi. Upande wa pili kimya. Nikajua sasa naongeza ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza. Halafu nikasikia mtu anacheka, kile kicheko cha kujizuia.

"Kwa hiyo Castolo umemuuza kwa chuma chakavu?"

"Nimemuuza, shemeji."

"Sasa sikiliza. Kadi zilikuwa mbili. Dogo alipokwenda chuo nilimnakilia timu kwenye kadi yake aondoke nayo. Ya kwangu iko hapa kwa mama, kwenye droo ya kabati la vyombo. Haina ule msimu wa mwisho alioucheza peke yake, lakini miaka yetu miwili imo." Akanyamaza kidogo. "Na TV ya chogo bado inawaka. Mwambie aje kuichukua kadi mwenyewe. Mimi siipakii kwenye basi."

Nilipomwambia mume wangu, aliniuliza swali moja tu: "Alisema dogo?"

"Alisema dogo."

Jumamosi iliyofuata tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dar na Morogoro mwaka 2024. Nuru alikuwa dirishani, Baba Nuru amepakata mfuko wa plastiki wenye mashine kama amebeba mayai. Hakuongea njia nzima. Mimi pia nilinyamaza. Kuna wakati mke mwenye busara ni yule anayetazama mashamba ya mkonge.

Kwa mama mkwe salamu zilikuwa fupi. "Kaka." "Dogo." Wakapeana mikono kama watu wa kamati. Mama mkwe akajifanya ana kazi jikoni, akanikonyeza nimfuate. Tukawa tunamenya ndizi huku masikio yako sebuleni.

Kwanza tukasikia mama wa TV, ile sauti ya chogo ikiwaka, nzzz. Halafu bata, na Nuru akipiga kelele kwamba bunduki imepona. Halafu ukimya, na muziki mwingine. Contra.

Contra ya mwaka 1988 ni gemu ngumu, unapewa uhai mara tatu tu, na risasi moja inatosha kukuua. Lakini kuna siri. Mtengenezaji mmoja wa Konami, Kazuhisa Hashimoto, alikuwa anaandaa gemu ya Gradius mwaka 1986, akaona imemshinda yeye mwenyewe kuijaribu. Akaweka mfuatano wa vitufe wa kujisaidia: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Ukabaki ndani mpaka gemu ikauzwa, na baadaye ukaingia kwenye Contra, ambako unakupa uhai mara 30. Hashimoto alifariki Februari 2020, na vidole vya watu duniani kote bado vinakumbuka. Niliwasikia sebuleni, wanaume wawili wazima wasiosalimiana miaka yote hii, wakitaja kwa sauti moja: juu juu, chini chini. Mama mkwe aliacha kumenya ndizi. Akafuta macho kwa kanga, akasema ni moshi. Jiko lenyewe la gesi.

Nikachungulia. Walikuwa wamekaa chini, bega kwa bega, maana waya za pedi zile ni fupi, huwezi kununa ukiwa mbali. Wamefika kwenye maporomoko ya maji. Pale mnapanda wote wawili kwenda juu, na kioo kinapanda na aliyetangulia. Ukikimbilia juu ukamwacha mwenzako, ukingo wa chini wa kioo unamfikia, anakufa. Hakuna adui aliyempiga. Umemwacha tu.

"Kaka, nisubiri," nikamsikia Baba Nuru.

"Nimekusubiri. Panda."

Hawakuzungumza kiwanja siku ile. Nisikudanganye, mpaka leo naandika hakijamalizwa. Lakini sasa wanapigiana simu, na wamekubaliana mwezi huu waende na mjomba wao kwa mwenyekiti wa mtaa wakayamalize kwa utaratibu. Kadi mume wangu alipewa mkononi. Ya kuichomekea hatuna, kwa hiyo shemeji anakuja Dar wiki ijayo, wanakwenda wote Kariakoo kutafuta PlayStation 2 ya mtumba. Nimeambiwa nisiwasindikize. Hawaniamini tena na biashara.

Kabla hujatupa

Kwa wewe unayesoma huku unatazama boksi la mwenzako juu ya kabati, nakuachia haya machache.

Kwanza, uliza. Swali la "hiki kina nini?" ni bei rahisi kuliko nauli ya kwenda yadi. Hata kama jibu litakuchekesha, usicheke kabla hujasikia lote.

Pili, kwa mwenye boksi: sema. Baba Nuru mwenyewe amekiri. Miaka kumi ya ndoa hakuwahi kuniambia mle ndani mna nini, aliona aibu kuonekana mtoto. Mwenzako hawezi kulinda kitu asichokijua.

Tatu, kama kuna kadi, simu ya zamani, diski au kaseti yenye kitu cha moyoni, nakili mapema. Kadi za PlayStation hazina betri, lakini baadhi ya kaseti za gemu za zamani zinahifadhi maendeleo yako kwa kibetri kidogo cha ndani. Kikifa, na hifadhi imekwenda.

Nne, kabla hujachomeka mashine ya mtumba, geuza usome nyuma. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani zinataka volti 100, umeme wetu ni 230. Bila transfoma utasikia "pwaa" na hadithi imeisha. Vyuma vya kaseti safisha kwa pamba ya masikio na spiriti, acha ikauke. Usipulize. Au puliza, kama aliyekufundisha kupuliza ni kaka yako.

Tano, pedi ziwe mbili. Siku hizi mtu anacheza gemu usiku kucha na watu wa mbali asiowajua sura, mkewe yuko kitandani pembeni anatazama ukuta. Baba Nuru ameanza kunifundisha Mario siku za Ijumaa, Nuru akishalala. Mimi ni mbovu, naanguka kwenye shimo lile lile kila mara. Lakini tunakaa chini, waya fupi, bega kwa bega, na katikati ya gemu ndipo anaponieleza mambo ambayo nikimuuliza mezani ananijibu "sawa".

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Na yule kijana wa mkokoteni akipita mtaani kwako anagonga chuma, mpe sufuria bovu. Boksi lenye kamba liache kwanza mpaka mwenyewe arudi.